Saa ya Kwanza ya Mtoto Mahututi: Mwongozo Kamili kwa Zahanati na Vituo vya Afya vya Tanga

Mwongozo huu ni wa muuguzi au tabibu wa zahanati au kituo cha afya mkoani Tanga, mwenye kabati la dawa, mizani na simu, lakini hana daktari wa watoto wala maabara kubwa. Unamhusu mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 anayefika na homa huku hajitambui, ana degedege, anahema kwa shida au amepauka. Masika yakishapita, watoto wa namna hii huongezeka Muheza, Korogwe, Handeni na Pangani, na wengi hubebwa mgongoni au kwa bodaboda hadi mlango ulio karibu, yaani wako.

Rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni ya lazima, ila gari halitibu. Sukari iliyoshuka, degedege lisilokatika, njia ya hewa iliyoziba na dozi ya kwanza ya artesunate, dawa ya malaria kali, ni mambo ya kumalizwa kabla mlango wa gari haujafungwa. Vipimo vilivyomo humu vinafuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Chati ya Wizara iliyobandikwa ukutani kwako ikitofautiana navyo, fuata chati.

Sinia ya dharura

Tenga meza moja isiyowekwa daftari wala chai. Juu yake pawe na:

- mfuko wa kupumulisha wenye barakoa za saizi mbili, ya mtoto mchanga na ya mtoto mkubwa;
- mashine ya kunyonya makohozi, au pampu ya mkono;
- kipimo cha oksijeni cha kidoleni, na mashine ya oksijeni yenye mirija ya puani;
- kipimo cha sukari na vijiti vyake, na vipimo vya haraka vya malaria;
- diazepam ya sindano, dawa ya kukata degedege (miligramu 10 katika mililita 2), na sirinji za mililita 2 na 5;
- dekstrosi ya 50% (sukari ya mshipa), maji ya sindano, na maji ya dripu ya Ringer na ya chumvi ya 0.9%;
- artesunate ya sindano, na artesunate ya njia ya haja kubwa;
- viuavijasumu: ampisilini na gentamisini, au seftriaksoni;
- kanula (mirija ya kuwekea dripu) za namba 22 na 24, plasta, na mpira wa kupitisha puani hadi tumboni;
- kopo la sukari ya kawaida ya mezani.

Kagua sinia kila zamu inapobadilishana. Mfuko wa kupumulisha ujaribu hivi: ziba tundu la mbele kwa kiganja kisha uubonyeze. Ukibonyea kirahisi, hewa inavuja, na siku ya haja kifua cha mtoto hakitainuka. Vijiti vya sukari vitazame tarehe na kifuniko, kwani kopo lililoachwa wazi kwenye joto na unyevu wa pwani hutoa namba za uongo. Kitu cha kwanza kuazimwa na wodi nyingine ni dekstrosi ya 50%. Andika aliyeichukua na siku atakayoirudisha.

Dakika ya kwanza ni kwenye foleni

Mtoto mahututi hapigi kelele. Anayelia kwa nguvu ana hewa na ana nguvu. Wa kumwogopa ni yule aliyelala kimya ndani ya khanga. Kwa hiyo aliye mlangoni, hata kama ni mhudumu wa usafi au mwandikishaji, afundishwe kufunua khanga na kutazama mambo matatu: anapumuaje, anajibu akiguswa, na viganja vyake vina rangi gani. Akiona kasoro yoyote ambebe ndani. Kadi, faili na malipo vitafuata.

Kwa mama au bibi maneno machache yanatosha: "Shikamoo bibi. Naomba mtoto nimtazame kwanza, kadi tutaandika baadaye." Kisha uliza huku mikono inafanya kazi: homa ilianza lini, degedege limempata mara ngapi, amenyonya au amekula lini mara ya mwisho, amepewa dawa gani nyumbani au dukani, anaharisha?

Mpime uzito mara moja. Asipoweza kupimwa, tafuta uzito wa mwisho kwenye kadi ya kliniki. Kadi ikikosekana, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 chukua umri kwa miaka, ongeza 4, zidisha kwa 2. Hayo ni makisio tu, nayo humzidishia uzito mtoto aliyekonda. Mifano yote inayofuata inamhusu mtoto mmoja wa miaka 2 mwenye kilo 11, ili uone hesabu ikitembea kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hewa na upumuaji

Mlaze chali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja kichwa kikae sawa, pua ikitazama juu; mkubwa zaidi inua kidevu kidogo. Ukimkunja shingo nyuma kupita kiasi, unaiziba njia uliyotaka kuifungua. Fungua mdomo utazame. Matapishi na makohozi yanyonye yale unayoyaona tu, usichokoe koo.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Ni za haraka zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa miezi 12 hadi 59. Tazama pia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu. Kuna upumuaji mwingine unaowapotosha wengi: pumzi ndefu za kina, kama za mtu aliyekimbia, ilhali mapafu yakisikilizwa ni safi na kipimo cha kidoleni kinasoma vizuri. Hiyo ni dalili ya asidi kwenye damu, na kwa mtoto mwenye malaria ni hatari sawa na kupoteza fahamu. Akiandikiwa nimonia akarudishwa nyumbani na vidonge, hatari hiyo inabaki bila kutibiwa.

Oksijeni mpe aliye chini ya 90%. Mwenye dalili yoyote ya dharura, kama shoki (damu kutozunguka vya kutosha), degedege au kutojitambua, mpe akiwa chini ya 94%. Mtoto mchanga anahitaji lita 0.5 hadi 1 kwa dakika, wa chini ya mwaka lita 1 hadi 2, mkubwa zaidi hadi lita 4. Kidole cha baridi au chenye hina hudanganya kipimo, basi hamia dole gumba la mguu. Asiyepumua, au anayevuta pumzi moja moja, mpumulishe kwa mfuko na barakoa huku ukitazama kifua kikiinuka. Usisimame kutafuta mshipa wakati hewa haiingii.

Damu inazunguka? Hapa ndipo dripu huua

Shika viganja na nyayo uone kama ni baridi. Bonyeza ukucha au kifua kwa sekunde 5, achia, hesabu: rangi ichukue si zaidi ya sekunde 3 kurudi. Tafuta mapigo uone kama ni dhaifu na ya haraka. Mtoto mwenye homa kali anaweza kuwa na mikono baridi peke yake. Shoki ni zikikutana dalili zote tatu.

Zamani kila mtoto mwenye mikono baridi alifunguliwa dripu ikamiminika. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, na hapa kwetu ulifanyika Hospitali Teule ya Muheza. Waliomiminiwa maji haraka walifariki zaidi: takriban 10.5% ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3% ya wasiomiminiwa. Walikuwa watoto wa homa kali, wengi wakiwa na malaria na upungufu wa damu. Kwa hiyo:

1. Mwenye dalili moja au mbili tu, usimmiminie. Mpe maji ya kawaida ya siku: mililita 4 kwa kilo kwa saa kwa kilo 10 za kwanza, na 2 kwa kila kilo inayozidi. Wa kilo 11 anapata mililita 42 kwa saa.
2. Mwenye dalili zote tatu, mpe Ringer au chumvi ya 0.9% mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, yaani mililita 110 hadi 220 kwa mtoto wetu. Kaa naye. Pumzi zikiongezeka kasi, ini likishuka au mapafu yakianza kukwaruza, funga dripu.
3. Aliyepauka sana dawa yake ni damu. Maji yanaizimua ile kidogo aliyonayo.
4. Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake wa maji ya kidogo kidogo. Asipokuwa na shoki, usimwekee dripu kabisa. Mpe kwa mdomo au kwa mpira wa puani.

Anayeharisha hadi kukaukiwa ni habari nyingine, na huyo FEAST haikumhusu. Ukiona dalili mbili kati ya hizi, yaani kulegea au kutojitambua, macho kuzama, kushindwa kunywa, na ngozi ya tumbo inayochukua zaidi ya sekunde 2 kurudi ikibanwa, mpe Ringer mililita 100 kwa kilo. Wa chini ya mwaka apate 30 kwa saa 1, kisha 70 kwa saa 5. Wa mwaka mmoja na zaidi apate 30 kwa nusu saa, kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Mtoto wetu: mililita 330, halafu 770.

Mpira wa dripu wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita. Gawa mililita za saa kwa 3, upate matone ya dakika: 42 kwa saa ni matone 14. Hesabu matone kwa saa ya mkononi, kisha bandika plasta kwenye chupa na uandike mahali maji yanapotakiwa kufika baada ya saa moja. Ndugu anayemshika mtoto akionyeshwa alama hiyo, atakuita.

Degedege na sukari

Degedege likiendelea mtoto akiwa mbele yako, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mpe oksijeni, kisha diazepam kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo. Wa kilo 11 ni miligramu 5.5, ambazo ni mililita 1.1. Vuta dawa, toa sindano, ingiza sirinji taratibu sentimita 4 hadi 5, sukuma, chomoa, kisha bana matako kwa dakika chache. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika, na dawa ikimwagika kwenye khanga watu husema "diazepam haikufanya kazi". Baada ya dakika 10, kama linaendelea, rudia mara moja. Dozi ya tatu usitoe, kwa kuwa diazepam nyingi hukata pumzi. Nenda kwenye fenobabitoni, dawa nyingine ya degedege, miligramu 20 kwa kilo kama unayo, na mfuko wa kupumulisha uwe mkononi.

Wakati huohuo mtu wa pili apime sukari. Kiwango cha hatari ni chini ya 2.5 mmol/l (45 mg/dl), na kwa mwenye utapiamlo mkali chini ya 3 (54 mg/dl). Kama vijiti vimekwisha na mtoto hajitambui au ana degedege, mchukulie kuwa sukari imeshuka na mtibu.

Dozi ni dekstrosi ya 10%, mililita 5 kwa kilo kwenye mshipa. Chupa uliyonayo kwa kawaida ni ya 50%: changanya sehemu 1 yake na sehemu 4 za maji ya sindano. Mtoto wetu anahitaji mililita 55, yaani 11 za dekstrosi na 44 za maji. Usisukume ile ya 50% kavu kavu, kwani huunguza mshipa na ikitoka nje huozesha nyama.

Mshipa haupatikani? Usitumie nusu saa kuchoma mikono. Weka kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilicholoweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, chini ya ulimi, na urudie kila dakika 20. Au pitisha mpira wa puani, hakikisha uko tumboni, kisha mpe mililita 50 za maji ya sukari: vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa katika kikombe cha mililita 200. Pima tena baada ya dakika 30. Sukari hupanda na kushuka tena, hasa mtoto akikaa saa nyingi bila chakula na malaria ikiendelea.

Fahamu zake ziandike kwa ngazi nne: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu, haitikii kabisa. Neno "amelegea" halimsaidii atakayempokea Bombo.

Artesunate: kuichanganya bila kuiharibu

Kipimo cha haraka kikionyesha malaria na mtoto ana dalili yoyote ya hatari, hiyo ni malaria kali. Wodi za Muheza na Korogwe zilishiriki utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, wenye watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika: waliopata artesunate walifariki 8.5%, waliopata kwinini 10.9%. Kwinini ibaki kwa siku ambayo artesunate haipo kabisa.

Dozi ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 2.4 kwa wa kilo 20 na zaidi. Hutolewa saa 0, saa 12 na saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza. Kichupa cha kawaida cha miligramu 60 huja na vichupa viwili vya maji, kimoja cha bikaboneti na kingine cha chumvi ya 0.9%, na mpangilio wake haubadilishwi:

1. Vuta bikaboneti yote, mililita 1, uiingize kwenye unga. Tikisa hadi iwe angavu kabisa. Ikibaki na ukungu, itupe.
2. Toa hewa kwenye kichupa kwa sirinji, la sivyo maji ya pili yatakataa kuingia au yatarusha dawa.
3. Kwa mshipa, ongeza mililita 5 za chumvi ya 0.9%, upate miligramu 10 kwa mililita. Kwa msuli, ongeza mililita 2, upate miligramu 20 kwa mililita.
4. Vuta dozi. Mtoto wa kilo 11 hadi 13 anapata miligramu 40: mililita 4 kwa mshipa, taratibu, mililita 3 hadi 4 kwa dakika, au mililita 2 kwa msuli wa mbele wa paja. Wa kilo 8 hadi 10 anapata miligramu 30, yaani mililita 3 kwa mshipa.
5. Kinachobaki kitupwe ndani ya saa 1. Hakihifadhiwi kwenye friji kwa ajili ya dozi ya jioni.

Makosa yanayojirudia ni matatu. Kwanza, kumimina chumvi kabla ya bikaboneti: unga hauyeyuki. Pili, kutumia maji ya sindano badala ya chumvi, na hayo hayafai. Tatu, kuchanganya hesabu ya mshipa na ya msuli, ambapo mtoto hupata nusu ya dozi au mara mbili yake, hivyo andika "10" au "20" kwenye sirinji kwa kalamu. Yapo pia matoleo mapya yenye kiyeyusho kimoja. Hayo fuata karatasi yake.

Zahanati isiyo na ya sindano itoe ile ya njia ya haja kubwa kwa mtoto wa chini ya miaka 6: miligramu 100 kwa wa kilo 5 hadi chini ya 14, na miligramu 200 kwa wa kilo 14 hadi 19. Ikitoka ndani ya dakika 30, weka nyingine. Hii ni dawa ya njiani tu. Mzazi aambiwe waziwazi, kwa sababu mtoto huchangamka baada ya saa chache na safari ya hospitali huahirishwa.

Kipimo chenye malaria hakimalizi uchunguzi

Utafiti uliofanyika Muheza ulikuta watoto wenye malaria na bakteria kwenye damu kwa pamoja. Asiyejitambua, aliye kwenye shoki au aliyepauka sana mwanzishie pia viuavijasumu: ampisilini miligramu 50 kwa kilo pamoja na gentamisini 7.5 kwa kilo. Kwa mtoto wetu ni 550, na takriban 80, ambayo ni kichupa kimoja cha mililita 2. Kama una seftriaksoni, mpe miligramu 80 hadi 100 kwa kilo. Shingo ikiwa ngumu au utosi umevimba, chukua 100. Seftriaksoni na Ringer visipite mpira mmoja.

Damu huongezwa wingi wake ukiwa chini ya gramu 4 kwa desilita, au kati ya 4 na 6 akiwa na shida ya kupumua, shoki au kutojitambua. Zahanati haiongezi damu, ila iwape taarifa mapema: piga simu hospitali utaje kundi la damu kama unalijua, na waambie ndugu wawili wenye afya wapande gari wakachangie.

Kuzungumza na familia

Pwani yote hii, Tanga hadi Bagamoyo, wapo wanaoamini kuwa mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Usibishane nao chumbani. Diazepam ya kwanza haina sindano. Ikikata degedege mbele ya bibi, mlango umefunguka. Ndipo useme: "Bibi, degedege limetulia. Sasa homa iliyolileta imo kwenye damu, na dawa yake ni hii." Uliza kwa adabu kama alifukizwa au kunyweshwa dawa ya miti. Unatafuta moshi kwenye mapafu na maji yaliyopaliwa, humtafuti wa kumlaumu. Anayekaripiwa leo atamficha mtoto wa pili.

Kumsafirisha

Aondoke hewa ikiwa wazi, degedege limekatika, sukari imepimwa tena na dozi ya kwanza imeingia. Piga simu kabla gari halijawasha. Vituo vya kusini ya mto Pangani, upande wa Mwera na Mkwaja, viulize kivuko cha Bweni kwanza: kama kimesimama, safari ianze mapema au boti itafutwe, na dozi ya saa 12 ipangwe ikiwa itaangukia njiani.

Garini alale ubavu wa kushoto. Muuguzi akae upande wa kichwa akiwa na mfuko wa kupumulisha, diazepam moja na maji ya sukari. Mtungi wa oksijeni usomwe kabla: lita zilizobaki ukizigawa kwa lita za dakika, unapata dakika ulizonazo.

Karatasi ya rufaa iwe na uzito, saa ya kila dozi na njia iliyotumika, namba ya sukari kabla na baada, ngazi ya fahamu na mililita za maji. "Amepewa huduma ya kwanza" humlazimisha anayepokea kurudia artesunate au kuiacha, na yote mawili ni mabaya.

Akitoka hospitali atamalizia dawa ya mseto, ALu, kwa siku 3, kisha atarudi kwako. Mwite siku ya 7, ya 14 na ya 28 baada ya artesunate, utazame viganja na upime wingi wa damu kama kipimo kipo, kwa kuwa baadhi ya watoto huvunjika chembe za damu wiki moja au zaidi baada ya kupona. Mkojo wa rangi ya kahawa, macho ya njano au kupauka upya ndani ya wiki hizo nne ni kurudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama mtoto anacheza uani.